Maelekezo kwa Eliakunda

Ufunguo uko chini ya chungu cha mshubiri,
si kile cha kwanza, kile kilichopasuka mdomo.
Mlango unabana; usukume kwa bega.
Sebuleni usiwashe taa kubwa ghafla:
wao huamka polepole, kama watu wazima,
na mwanga wa ghafla huwatawanya,
kila mmoja na pembe yake.

Najua utauliza tena, kama ulivyouliza siku ya Idi,
"Na hawa wanaliwa?"
Hawaliwi, Eliakunda. Wote kumi na mmoja
hawajazi upawa.
Kazi yao ni kwenda pamoja.

Chakula ni mara moja tu, asubuhi.
Bana kwa vidole viwili, kiasi cha chumvi ya yai moja.
Watakuja mbele ya kioo, watakutazama
kana kwamba hawajala tangu juzi. Waongo.
Huruma ikizidi huenda kuoza chini ya changarawe,
na maji yakawa kama yaliyooshewa mchele.

Maji ya bomba usiyamimine moja kwa moja.
Yana dawa; sisi tumeizoea.
Nimeacha ndoo mbili za njano karibu na friji,
maji yake yamelala wazi tangu jana.
Alhamisi toa majagi manne, rudisha majagi manne,
taratibu, kama unayemnywesha mgonjwa.
Ya kisima cha hapa Segerea usithubutu.
Unayajua mwenyewe, hata sabuni hugoma kutoa povu.

Umeme ukikatika, nao utakatika,
pampu itanyamaza. Utausikia ukimya huo
hata ukiwa kwako, upande wa pili wa ukuta.
Saa moja si kitu. Zikifika tatu, chukua kikombe,
chota, inua mpaka usawa wa kidevu, achia yaanguke.
Chota, inua, achia.
Usiku wa mvua ile iliyoingia mpaka jikoni kwako
nilifanya hivyo hadi adhana ya alfajiri,
mkono ukawa si wangu tena.
Hakufa hata mmoja. Nilitaka kumwambia mtu.
Hakukuwa na wa kuamsha.

Nilianza na watatu. Hamduni, yule wa Mtaa wa Mchikichi,
aliwafunga kwenye mfuko wa nailoni kama juisi ya ukwaju,
akasema watatu wanatosha, mbona mafiga ni matatu.
Mafiga ni mawe, Eliakunda.
Hawa walijibanza nyuma ya mmea wiki mbili,
ule mstari wa buluu ukawafifia
kama sare ya shule ya mtoto wa tatu kuirithi.
Nikarudi Kariakoo, nikaongeza wanane.
Kabla sijabandika birika walikwishajipanga,
wakageuka wote kwa mara moja
bila aliyesema geuka.
Nilikaa chini na mtandio wangu wa kazini.
Chai ile sikuinywa.

Muhimbili wamesema siku kumi, labda kumi na nne.
Uvimbe wenyewe mdogo, wanasema, kama kokwa ya zambarau.
Daktari ni kijana, ana kalamu mbili mfukoni,
alikuwa anaongea na faili.
Sikuombi uje huko; foleni ndefu, na wewe una duka.
Ila jioni, ukishafunga hesabu,
pita ukae kidogo. Kiti ni kile chenye mto.
Wahesabu. Hutaweza, wanapishana,
utafika saba utaanza upya.
Mimi huridhika nikipata kumi na mmoja
mara mbili mfululizo, ndipo naenda kulala.

Na mmoja akifa, usinifiche.
Usiende kwa Hamduni kununua wa kufanana naye
ukadhani sitajua. Nitajua.
Mgeni hugeuka akiwa amechelewa,
nusu ya pumzi nyuma ya wenzake,
siku nne, tano,
mpaka wazoeane.
Mfukie kwenye chungu cha mshubiri,
kile kilichopasuka.
Kisha nipigie.
Hata usiku.